Bibi, Umegeuza Picha Gani?

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Najua Ami Karimu ndiye atakayekusomea, kwa hiyo nianze naye. Shikamoo Ami. Tafadhali soma kama ilivyoandikwa. Pahali ninapojisifu usiruke, pahali ninapokutania wewe usikohoe, na usitumie ile sauti yako ya mtangazaji wa redio, maana Bibi atasinzia kabla hujafika ukurasa wa pili. Haya, shika kazi.

Mke wangu, hujambo? Mumeo ni mzima. Nimerefuka, mabega yametanuka, masharubu yametoka, ingawa Mama anasema ni masizi tu. Nikisimama kituo cha basi hapa Tooting, huku Uingereza, wasichana wanageuka. Mdogo wangu Zera anadai wanageuka kutazama kama basi linakuja. Lakini Zera mwenyewe meno ya mbele hana, atajua nini? Na siku hizi ukimwuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, basi hata ushahidi wake siupokei.

Nimeshika kalamu kwa ajili ya ukuta wako. Ndiyo, ukuta. Ule ulio nyuma ya kiti ulichokalia katika picha aliyokupiga Ami huko Uswidi.

Picha ilifika Ijumaa, Mama akaifungua akiwa bado na koti la kazini. Ulipendeza, haki ya Mungu. Umejitanda mtandio wako wa zambarau, umevaa sweta la kiume ambalo naapa ni la Ami, kikombe cha chai mkononi, maua mekundu dirishani, na nje kweupe tupu kama mtu kamwaga gunia la unga. Tukalicheka sweta. Kisha Mama akaacha kucheka. Akaisogeza picha kwenye taa. Nyuma yako, juu kidogo ya kichwa, kulikuwa na kitu cha pembe nne, rangi ya kahawia, kimekatizwa waya katikati.

"Hiki nini?" akauliza.

"Mgongo wa fremu," nikamwambia.

"Mgongo nauona. Nauliza uso uko wapi."

Unajua kwa nini aliuliza hivyo. Kila aliyewahi kukaa nyumba yetu ya Kampala anajua. Pale sebuleni palikuwa na Babu na tarabushi yake, palikuwa na marehemu Baba na tai yake, na Ami Karimu siku aliyopata leseni ya kuendesha gari, kajishika kiuno. Ikifika saa ya kuswali unapita ukutani na kuwageuza mmoja mmoja, ili malaika wasikute nyuso. "Geukeni, nataka kuswali." Ukishatoa salamu unapita tena: "Haya, rudini." Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani wanakusikia. Nilikuwa nachungulia mlangoni nione kama Babu atageuka mwenyewe.

Lakini palikuwa na kugeuza kwa namna ya pili, nako tunakukumbuka sote. Ami alipouza cherehani yako bila kukuuliza, ulimgeuza asubuhi na hukumrudisha. Alikaa anatazama ukuta Ramadhani nzima na kajishika kiuno chake. Alirudi siku aliyokuletea halua na kupiga magoti. (Ami, nilikwambia usiruke.)

Sasa kwenye picha hii wewe unakunywa chai. Huswali. Na fremu imegeuka.

"Ametugeuza," Mama akasema.

Lazima nieleze kwa nini alidhani ni sisi, na hapo itabidi nianze na kazi yangu. Ami aliuliza katika barua kama nasoma. Sisomi. Shuleni walinitia darasa la watoto wanaonifika kiunoni, kwa sababu ya Kiingereza changu, nikawavumilia hadi Pasaka nikawaaga. Sasa mimi ni fundi fremu. Sawa, mwanafunzi wa fundi. Sawa, nafagia pia. Lakini siku Mista Leni akiugua duka lote ni langu, na ameugua mara moja.

Mista Leni ndiye mwenye duka, Mwingereza mzee, mfupi, penseli nyuma ya sikio. Ananiita Mfalme tangu siku nilipomsimulia kuwa Kampala tulikuwa na nyumba ya vyumba kumi na viwili. Akifika asubuhi hasemi habari za asubuhi, anasema, "Mfalme, chai iko wapi?" Vilikuwa vyumba vinne, najua. Usimwambie mtu.

Kazi yenyewe ni hii: unakata mbao nne, unazikutanisha kwenye kona zisiachie mwanga, unaweka kioo, unaweka picha, unafunga nyuma kwa karatasi na kukaza waya. Fremu ya kwanza niliyotengeneza peke yangu niliitia picha yetu sisi, ile tuliyopiga studio: Mama kakaa, Zera miguuni pake, mimi nimesimama mkono mfukoni kama waziri. Kona tatu zilikutana vizuri. Ya nne chungu anapita na mzigo wake. Karatasi ya dukani niliiharibu, kwa hiyo nyuma niliziba kwa karatasi ya mfuko wa unga. Nikaifunga kwa matambara, nikaituma kwako Uswidi. Nikangoja sifa.

Ami akaandika: "Vitu vimefika."

Vitu! Ami, kazi ya mikono yangu ile unaiita vitu?

Basi Ijumaa ile Mama aliishika picha yako na kusema, "Vimefika. Ndiyo hivi, vimegeuzwa." Kisha akavua koti, akaenda kuosha mchele uliokwisha kuoshwa.

Ungekuwa karibu ungemwambia asijitie mawazo. Lakini Mama hajasahau kwamba Wahindi tulipofukuzwa Uganda, sisi tulipanda ndege na wewe ukabaki. Ni kweli si yeye aliyepanga. Ni Ami aliyebadilisha uraia kwa ajili ya leseni ya duka na kukubadilishia na wewe, halafu Uganda ikasema uraia wenyewe hauhesabiki, na Uingereza ikasema hamko kwenye hesabu yake. Sisi tulikuwa na pasi za Uingereza kwa jina la marehemu Baba. Ninyi mkabaki si wa mtu hadi Waswidi walipowachukua. Mama anayajua yote haya. Lakini ukweni si mahakamani. Tangu mwezi uliopita alikuwa anapanga kwenda Croydon, kwenye lile jengo refu la uhamiaji, kuomba uruhusiwe kuja kukaa nasi. Alishapiga pasi nguo ya kuendea. Baada ya picha ile aliikunja akairudisha sandukuni.

Nikamwuliza, "Croydon je?"

Akasema, "Nikamwombee mtu asiyetaka kuniona?"

Ndipo nikaona jambo hili linahitaji mwanamume.

Jumamosi nikaichukua picha yako nikaenda nayo dukani, nikaiweka chini ya lenzi ya Mista Leni. Bibi, kazi yangu mimi naijua kwa nyuma kuliko kwa mbele. Yangu ina maandishi ya mfuko wa unga, yamekaa kichwa chini. Na waya wake nimeufunga kwa kifundo ulichonifundisha wewe, kile cha kumfunga kuku miguu asifurukute. Niliyoiona chini ya lenzi ilikuwa ubao mtupu, umepigiliwa misumari myembamba, na waya umesokotwa kwa mashine. Kona zote nne zilikutana. Siyo yangu!

Nilirudi nyumbani mbio. "Mama, si sisi! Ya kwetu ina mfuko wa unga!"

Hata hakugeuka kutoka jikoni. "Kama si sisi tulio ukutani, sisi tuko wapi? Kabatini?"

 Hapo nikapata swali jingine, likaniingia kama njaa. Umegeuza picha gani? Ya nani? Maana Uswidi hujui mtu wa kukasirikia, isipokuwa Ami.

Sasa nikuletee mtu mpya. Kuna nesi mmoja Mswidi, mwanamke wa makamo, viatu vyake vyeupe havina hata doa, anafanya kazi hospitali ya huku kwetu. Yeye ana kalenda ya zamani ya kwao, na kila akipata mshahara anakata ukurasa mmoja anatuletea tuutie fremu. Kurasa zote zimechorwa na mchoraji mmoja wa kwao, mtu aliyekwisha kufa zamani. Jina lake nikilitamka ulimi unajikunja, kwa hiyo mimi namwita Mswidi tu. Mswidi huyu, Bibi, hakuchora wafalme wala vita. Kachora nyumbani kwake. Mkewe, watoto wake wengi wengi, jiko lake, mbwa wake, viti vyake.

Mwanzoni nilicheka. Nikamwambia Mista Leni, "Mtu na akili zake anachora kabati?" Lakini ukishaweka kioo juu ya picha lazima uitazame karibu, usije ukaacha unywele ndani, na mimi ndivyo nilivyonaswa. Nyumba ni ya mbao, nyekundu kama pilipili iliyoiva. Viti vyekundu pia. Sakafuni wametandika mikeka mirefu ya vitambaa. Kuna picha ya jikoni, wasichana wawili wanasukasuka maziwa na paka kakaa anangoja kosa. Kuna ya msichana anamwagilia maua dirishani. Kuna ya shamba, wanaanika majani ya ng'ombe, na nyingine wanapasua kuni kwenye theluji. Na kuna moja wanakula nje, meza ndefu, chini ya mti wenye gome jeupe, mbwa kakaa kwa adabu kuliko Zera.

Nina maswali, na wewe uko huko huko. Ni kweli wanakula nje? Na hao mbu? Je, umeona nyumba nyekundu, au mchoraji alikuwa na rangi moja tu? Mikeka ile ya vitambaa unayo? Ukiikanyaga inateleza? Na mti wenye gome jeupe, umeugusa? Mimi nimeutia fremu mara tatu, sijui kama ni laini au unachoma.

Na kubwa kuliko yote: bibi yuko wapi? Nimehesabu watu mezani, nimetazama nyuma ya mlango, nimetazama hadi kwenye kioo cha ukutani, ambamo mchoraji mwenyewe kajichungulia. Katika kurasa zote nilizotia fremu mimi, bibi hakuna. Nikamwuliza yule nesi, "Samahani, bibi yao wamempeleka wapi?"

Akacheka. "Labda ndiye aliyepika."

"Kwetu aliyepika anakaa mwanzo," nikamwambia.

Ni yeye aliyenipa ufunguo. Alisema picha za yule mchoraji ziko kila nyumba kwao. "Hata kwa daktari wa meno. Hata kwenye nyumba za serikali za kupangisha, ukikuta kitanda na meza, utakuta na picha moja yake ukutani."

 Wewe na Ami mlipewa nyumba na kitanda na meza. Basi na ukuta ulikuja na picha yake!

Lakini ipi? Mista Leni akasema, bila shaka ya msichana na maua. Mimi nikasema hapana, ni ya wanaokula. Tukawekeana dau kwamba atakayeshindwa apike chai wiki nzima, jambo ambalo ukilitazama vizuri halikuwa na hasara kwangu, kwa kuwa napika kila siku. Sababu yangu ilikuwa na akili, usicheke. Nilikuona kabisa: umeingia chumbani na mizigo, umeitazama meza ile ndefu, umehesabu watu, umesema, "Watu gani hawa, wamekaa kula wamemficha mama yao?" Paap, ukawageuza.

Nikamwandikia Ami achungulie kwa siri aniambie. Jumamosi iliyofuata akapiga simu dukani, maana nyumbani hatuna.

"Shabiri? Sema upesi."

"Ami, umeangalia?"

"Nimeangalia alipokwenda kutawadha. Wewe mtoto utanitia mashakani. Nilisikia mlango, nikaukosa msumari nikiirudisha, karibu iniangukie mguuni."

"Wanakula?"

"Nani wanakula?"

"Waliomo, Ami! Kwenye picha!"

"Hakuna anayekula. Ni kitoto kimoja tu. Kimekaa kitini, konani, peke yake. Kimenuna. Naona kimetiwa adabu."

Mista Leni alikuwa kasimama mbele yangu anauliza kwa mikono nani kashinda. Nikampa mgongo. Picha ile naijua, Bibi. Niliitia fremu mimi mwenyewe. Mtoto mdogo kwenye kiti kikubwa, chumba kikubwa kitupu, miguu haifiki chini. Nilimcheka. Nilimwambia nesi huyu kakataa kuoga.

"Ami, ameigeuza tangu lini?"

"Tangu siku tulipofika. Hata kanga hajavua ya safari. Mimi nikairudisha, akaigeuza. Nikairudisha tena, akaniambia, 'Karimu, mwache. Nimtazame kila siku na sina njia ya kumtoa?' Sasa mimi ningesema nini? Wazee wakichoka huwa wanasema mambo."

Hujachoka. Ami, siyo uchovu. Nyamaza, utaona.

"Na sisi?" nikauliza. "Picha yetu mmeitia wapi?"

"Iko mezani! Ungetaka iwe wapi? Imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Hapa hatuanzi kula mpaka mmekaa. Juzi nimenyoosha mkono kuchukua chumvi akanipiga kofi, eti nimempitia mama yako mbele ya uso."

Kisha akasema salamu kwa wote, simu ikakatika. Nikaenda kupika chai kwa kuwa nimeshindwa. Mista Leni alikunywa yote, na jioni ndipo nilipogundua kwamba nilimtilia chumvi.

Mke wangu, unaikumbuka kona yetu? Jikoni, kati ya mtungi wa maji na gunia la mchele. Nikifanya langu, na nilikuwa na mengi, ulikuwa unanikamata sikio unaniketisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi, uso ukutani. "Ukikaa bure shetani atakuona, kuna hiyo nazi." Nikawa nakuna nazi zilizokuja kwa treni kutoka Mombasa, machozi na tui pamoja. Na ulikuwa na sheria yako: aliyeniweka ndiye wa kunitoa. Mama alikuwa anapita pale anazungukazunguka. "Mama, mtoto hajala."

"Nimemweka mimi, nitamtoa mimi."

Ulikuwa humwachi mtu konani hata yai liive. Unakuja unajifuta mikono kwenye kanga. "Haya, mume wangu. Umetubu?"

"Bado."

"Inuka ule. Utatubu ukishiba."

Hadi leo nikila, nasikia hayo. Nikila sana natubu zaidi.

Sasa nafika Entebe, uwanja wa ndege. Hatujawahi kupazungumza, wewe na mimi, kwa barua wala kwa njia yoyote. Ninyi safari yenu ilikuwa bado, mlikuja kutusindikiza tu. Wasindikizaji walikuwa wanazuiwa mlangoni, lakini wewe ulimkazia macho yule askari kijana ukamwambia, "Mwanangu, mama yako anajua kama unasukuma vikongwe?" Akakupisha. Nilijivuna siku ile. Nikajiona mjukuu wa jemadari. Na kwa kujivuna kule, askari wa pili alipoitaka saa yangu, mie nikafungua domo. Nilimwambia kama anataka kujua saa angejifunza kwanza kusoma.

Watu waliokuwa nyuma yangu walirudi nyuma wote pamoja. Hilo nalikumbuka. Yule askari hakupiga kelele, alishusha tu bunduki kutoka begani.

Wewe ukaja. Ukanivua saa ukampa. Ukanikamata sikio, mbele ya dunia nzima, kijana wa miaka kumi na sita, ukaniburura hadi pembeni ya ukumbi ukaniketisha juu ya mizigo, uso ukutani. "Kaa hapo! Mdomo fumba! Usiinuke mpaka nije nikutoe." Na askari akacheka. Akacheka, Bibi, akaenda zake kwa watu wengine. Nilikaa pale nimekukasirikia, sijui hata kwamba nimeokoka.

Ukatoka kwenda kwenye gari la Ami kuleta lile kapu la sambusa, ili ukinitoa nile. Uliporudi mlangoni yule kijana wako alikuwa kaondoka, kasimama mwingine, na huyo hakuwa na mama, akakuzuia.

Mimi sikujua. Mimi nilikaa. Ndege ikaitwa, Mama akaniita, nikamwambia, "Bibi hajanitoa." Akaniita tena. Nikasema, "Atakuja, kaenda kuleta chakula." Zera analia, watu wanapita na mabegi, mimi uso ukutani kama ulivyoniacha. Mwisho Mama alinivuta kwa kola ya shati. Nikatembea hadi kwenye ndege nikitazama nyuma.

Ami aliwahi kuandika kwamba siku ile ulirudi na kapu Kampala na hukumruhusu mtu yeyote kula. Niliposoma nilidhani ni uchoyo wa sambusa, nikacheka.

Jumamosi ile ya simu nilimsimulia Mama. Kitoto, kiti, kona, kopo la sukari. Alikuwa anamenya viazi. Alimenya kimoja hadi kikabaki kama gololi. Kisha akasema, "Kumbe hataki nipitwe mbele ya uso." Akacheka peke yake, akafungua sanduku, akatoa nguo ya Croydon na kuipiga pasi upya. Anakwenda Jumatatu. Mimi namsindikiza, na nimeahidi kufumba mdomo. Kaniambia akiona nafungua, ataniketisha yeye. Nimemwambia hana mamlaka.

Hatujui watasema nini huko. Labda watakataa, labda watatuzungusha hadi masharubu yangu yawe meupe. Na huenda wewe mwenyewe hutaki. Ami akibaki peke yake atakula mkate na chumvi, tunalijua hilo, na huenda umeshauzoea ule mti mweupe. Sema wewe. Sema kwa kinywa chako, Ami aandike kama ulivyosema, asipambe.

Lakini lipo moja naliomba sasa hivi, na halihitaji mtu wa Croydon wala wa Uswidi. Inuka hapo ulipokaa. Ami, weka barua chini umshike mkono. Mgeuze yule mtoto. Wakati wa kuswali mgeuze kama wenzake, ukishatoa salamu mrudishe. Na leo, ukimwona uso, mwambie yale maneno unayomwambia kila aliye konani. Yaseme kwa sauti, usione haya. Mimi saa hizo nitakuwa dukani na msumeno mkononi, au nakaza waya kwa kifundo cha kuku, na Mista Leni atauliza mbona nimesimama ghafla.

Mumeo, niliye pale pale uliponiketisha,

Shabiri